Rambirambi Tunachanga, Ngoma Je?

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa jumuiya yetu hapa Coventry. Mezani kulikuwa na hoja ya kufuta fungu la darasa la ngoma na taarab la kila Jumamosi, fedha zake zikanunulie vitanda vya hospitali nyumbani. Waliokosa kufika wameniomba niiweke hapa, nami nimeiweka kama nilivyoisema. Matokeo ya kura yako mwisho.)

 

Nimepewa dakika kumi na tano. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana keshaweka saa yake juu ya meza. Basi niingie moja kwa moja.

Mweka hazina wetu ameieleza hoja yake vizuri, na nataka nianze kwa kumtendea haki. Darasa la Jumamosi linatugharimu pauni 2,800 kwa mwaka. Ukumbi ni pauni 36 kila wiki, mwalimu tunampa pauni 30 za nauli na ahsante, wiki arobaini, na pauni 160 zilizobaki ni za nyuzi, ngozi za ngoma na chai. Kwa fedha hizo, anasema, tunaweza kupata vitanda kadhaa vilivyotumika, tukavitia kwenye kontena, tukavipeleka nyumbani ambako kina mama wanajifungua wakiwa wawili kitanda kimoja. Halafu akauliza: ngoma na kitanda, kipi kinaokoa maisha?

Wengi mlinigeukia mimi aliposema hivyo. Nimeona. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili katika wodi za wazee hapa Uingereza. Kama kuna mtu humu anayetarajiwa kupigia vitanda kura, ni mimi. Na nakiri mbele yenu, miaka kumi iliyopita ningeipigia hoja hii mikono miwili.

Nitakuelezeni kwa nini leo siipigii.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana haipendezi kuwanyooshea wengine kidole kabla ya kujinyooshea. Nilikuwa na ami yangu Ng'ambo, Unguja, aliyekuwa akipiga fidla. Mchana alikuwa karani, usiku alikuwa mtu mwingine kabisa. Akishatia koti lake na kuchukua lile sanduku la fidla, sisi watoto tulimfuata mpaka pembe ya njia kama tunamsindikiza bwana harusi. Nilipokuja huku na kuanza kubeba maboksi, kabla sijamaliza masomo ya uuguzi, nilikuwa nikimtumia pesa za dawa za presha. Mwaka 2012 akanipigia simu. Hakutaka pesa za chakula wala za dawa. Alitaka seti moja ya nyuzi za fidla, maana zilizokuwa zikiuzwa pale mjini zilikuwa ghali, tena hazidumu.

Nikamjibu: "Ami, watu wanahangaika na unga, wewe unataka nyuzi?"

Alicheka, akasema haya mwanangu. Hakuniomba tena. Nyuzi zile zingenigharimu kiasi cha chakula cha mchana cha siku tatu. Baadaye shangazi akaniambia kuwa aliacha kwenda klabu, kwa sababu mtu hawezi kwenda kila siku kuazima fidla ya mwenziwe. Akaanza kukaa ndani. Aliyekuwa akitembea kila jioni akawa hatembei. Aliyekuwa na watu ishirini wa kumuuliza "leo umeamkaje" akabaki na redio. Dawa nilizokuwa nikizituma, zikakutwa baadaye ndani ya kabati, nyingi hazijafunguliwa. Alipata kiharusi, na mwaka 2016 akatangulia mbele ya haki.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba nyuzi zingemponya. Mimi ni mtu wa hospitali, siwezi kusema jambo nisilolijua. Ninachosema ni kwamba nilimtumia dawa, nikamnyima sababu ya kuzimeza.

Ndugu zangu, hilo ndilo ninalotaka mlibebe mkitoka humu leo.

Sasa tuje kazini kwangu. Mambo madogo nimeyabadilisha ili mhusika asijulikane. Usiku mmoja wa baridi tulimpokea mama mtu mzima, mwenyeji wa pwani yetu, aliyekuwa na maradhi ya kusahau. Kiingereza alichokuwa akikizungumza miaka thelathini kilikuwa kimemtoka chote, kama mara nyingi inavyotokea: lugha iliyoingia mwisho hutoka mwanzo. Alikuwa akipiga kelele na kuwasukuma wauguzi. Kwenye faili lake wakaandika kwamba ni mgonjwa mkorofi. Nilipoingia zamu nikamsalimia kwa Kiswahili, hakunijibu. Nikamshika mkono, akaunyakua. Basi wakati namnyoosha shuka nikaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa harusi, ule tunaoimba wote, bila kufikiri. Akanyamaza. Kwenye kiitikio akaitikia. Tulipofika mwisho akanitazama, akasema: "Mwanangu, nyonga inaniuma."

Siku nzima alikuwa na maumivu, akishindwa kuyasema. Tulimpa dawa ya maumivu, akapelekwa kupigwa picha, akalala. Hakuwa mkorofi, alikuwa na nyonga. Kilichotufikisha kwenye nyonga ile kilikuwa ni wimbo. Na wimbo ule haukushuka kutoka mbinguni. Mtu fulani aliutunga, mtu fulani akautia muziki, na bibi fulani akanifundisha mimi nikiwa na miaka saba. Kila mmoja kati yao alihitaji kula.

Mtasema hicho ni kisa kimoja cha nesi mmoja. Sawa. Hebu tutazame wanaopima mambo kwa hesabu. Mwaka 2018 watafiti wawili wa hapa Uingereza, Daisy Fancourt na Rosie Perkins, walichapisha matokeo yao katika jarida la British Journal of Psychiatry. Walichukua kina mama 134 waliokuwa na dalili za sonona baada ya kujifungua. Wakawagawa mafungu matatu kwa bahati nasibu: fungu la kwanza waliimba pamoja na watoto wao wachanga, la pili walikutana wakacheza na watoto wao bila kuimba, la tatu waliendelea na matunzo ya kawaida. Ilikuwa ni wiki kumi. Wote walipata nafuu kadiri siku zilivyokwenda, lakini miongoni mwa wale waliokuwa na dalili nzito, walioimba walipata nafuu mapema zaidi. Yeyote aliyewahi kulala na mama mwenye sonona na mtoto wa mwezi mmoja anajua wiki moja mapema ina thamani gani.

Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Na tangu mwaka huo huo, zahanati za hapa England zimekuwa zikiajiri watu maalumu ambao kazi yao si kuandika dawa, bali ni kumuunganisha mgonjwa na kikundi cha kuimba, cha kuchora, cha bustani, kulingana na hali yake. Wazungu hawa ambao tunawacheka kwa kuzungumza na mbwa wao wamegundua kwamba upweke ni maradhi, na kwamba dawa yake haiko kwenye chupa. Sisi tuliokuwa nayo tangu enzi tunataka kuifuta ili tununue vitanda!

Maana bibi zetu walilijua hili bila ripoti. Someni habari za vyama vya lelemama vya Mombasa na Unguja. Mtu wa nje aliona kina mama wamevaa sare wanacheza. Lakini ndani ya vyama vile watu walichangiana, walizikana, waliozana, na aliyekuwa hana ndugu mjini alipata ndugu. Na unyago je, ule ambao marehemu Bi Kidude alikuwa kungwi wake hodari? Ngoma yake ilikuwa ni skuli ya mwili kwa mtoto wa kike, wakati ambapo hakuna daktari aliyekuwa akimwambia kitu. Tunaweza kubishana juu ya yaliyofundishwa humo, na mimi kama muuguzi ninayo machache ya kubisha. Lakini hakuna anayeweza kusema yalikuwa ni upuuzi.

Siti binti Saad naye alitoka Fumba, mtoto wa watu wasio na kitu, akiuza vyungu. Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurikodi nyimbo za Kiswahili, wakati taarab ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa Kiarabu. Walalahoi wa Ng'ambo walijisikia wamo kwenye sahani ya santuri. Kujisikia umo ni afya, ndugu zangu. Mimi nawaona kila siku wale wasiojisikia wamo popote.

Sasa turudi kwenye darasa letu la Jumamosi. Mwalimu wetu mnamjua. Anafundisha dumbak, cherewa, sanduku, na kwa wachache wenye subira, udi. Wanaofika ni kina mama kama ishirini na watoto kumi na wawili. Ukitazama kwa jicho la mweka hazina utaona kelele, chai na maandazi.

Mimi nakuombeni mtazame kwa jicho la nesi. Darasa lile ni daftari la mahudhurio. Mwaka jana mwezi wa Februari mwenzetu mmoja hakufika Jumamosi mbili. Simu haipokei. Jumamosi ya tatu kina mama watatu wakatoka darasani, na sanduku lao la maandazi, wakaenda kugonga mlango. Walimkuta kitandani, sukari imepanda, hajala vizuri siku kadhaa, na hajamwambia mtu kwa sababu alikuwa akiona haya kuisumbua jumuiya. Aliwahishwa hospitali. Yumo humu ndani leo, na amenipa ruhusa niseme. Sitamtaja.

Niulizeni: ni kamati gani ya jumuiya hii ingegundua kwamba hayupo? Kamati ya mazishi? Hiyo ingegundua, naam, lakini imechelewa.

Na hapo ndipo penye donda letu. Sisi tunachanga sana. Akifa mtu, kwa siku mbili tunakusanya pauni elfu sita, maiti inasafirishwa, tunalia, tunapika, tunarudi kazini. Nalisifu jambo hilo, na Mungu atulipe. Lakini tumekuwa watu wa rambirambi. Tunamchangia mtu akishakufa, na alipokuwa hai akitaka pauni ishirini za kukaa na wenzake tulimwambia ngoma ni anasa.

Naijua hoja nyingine, inasemwa chinichini, bora niiseme wazi. Wapo ndugu zetu ambao kwa imani yao muziki haufai. Nawaheshimu, na wala sikuja kutoa fatwa. Lakini sanaa si ngoma peke yake. Kughani mashairi ni sanaa. Kasida ni sanaa. Kupiga hina, kusuka ukili, kushona kofia za viua ni sanaa. Asiyetaka dumbak na aje aanzishe meza ya kofia ukumbi ule ule, saa ile ile, na mimi nitakuwa wa kwanza kuomba nifundishwe. Tusichoweza kufanya ni kulifunga jumba kwa kuwa chumba kimoja hatukipendi.

Sasa nyumbani. Wengi mnasema sanaa ni kazi ya serikali na wafadhili. Basi tutazame wamefanya nini. Pale Unguja kuna chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002 ili taarab, kidumbak na ngoma zetu zifundishwe kwa vijana. Mwaka 2019 chuo kile kilitangaza hadharani kwamba kinakaribia kufunga milango kwa sababu fedha za wafadhili zimekauka. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, mwaka 2016 halikufanyika kabisa. Sababu ni hiyo hiyo, fedha, mpaka likarudi mwaka 2017. Nadi Ikhwan Safaa ni chama cha tangu 1905. Kimewazika wakoloni, kimeyaona mapinduzi, na bado wanamuziki wa vyama kama hivyo wanaishi kwa kupiga hotelini.

Na hoteli zimejaa! Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki sita. Kila mmoja wao anapigiwa udi wakati anakula pweza. Picha ya mpiga ngoma iko kwenye kila tangazo. Lakini muulize yule mpiga ngoma nani anamfundisha mtoto wa kumrithi, na nani anamlipa kwa kufundisha. Na wakubwa wetu wakitembelea mikoa, wasanii wanakaushwa juani tangu asubuhi, wanacheza dakika nne kiongozi anaposhuka kwenye gari, kisha wanapewa soda. Hapo ndipo sera ya utamaduni inapoanzia na kuishia. Serikali siku hizi ina mfuko wa kuwakopesha wasanii, na si jambo baya. Lakini mkopo unamfaa anayeuza tiketi. Mzee anayefundisha watoto kumi kupiga ganuni uani kwake atalipa mkopo kwa nini?

Mfadhili naye ana kalenda yake. Anakuja kwa miaka mitatu, anaweka bango, anapiga picha, mradi unakwisha, anakwenda kwenye jambo jingine. Mtoto anayejifunza fidla anahitaji miaka minane. Ndiyo maana naamini kuwa fedha ndogo isiyokatika ni bora kuliko fedha kubwa ya msimu. Haba na haba hujaza kibaba, ila haba ikisimama katikati, kibaba hakijai.

Na kuhusu vitanda, naomba radhi kwa wazee wangu, lakini tusemezane ukweli. Tulishapeleka vitanda. Vilikaa bandarini miezi kadhaa vikisubiri kutolewa, gharama za kuvitoa zikakaribia bei ya kuvinunua. Vilikuwa vya umeme, na nilipokwenda likizo niliviona: viwili vimekwama vimekaa nusu, kichwa juu, na hakuna wa kuvitengeneza. Sikatai vitanda. Mama mjamzito anastahili kitanda chake. Lakini kama tunapeleka, tuulize kwanza hospitali inataka nini, tununue huko huko vya kuzungusha kwa mkono, na fedha yake itoke kwenye mchango wake wenyewe. Mimi mwenyewe nitaifungua orodha kwa pauni hamsini leo hii. Tusimvue mmoja nguo ili tumvike mwingine.

Basi napendekeza mambo matatu, nayo ni mepesi.

La kwanza, darasa la Jumamosi liendelee, na fungu lake liwe la miaka mitatu, si la kujadiliwa kila mwaka kama mtoto wa kambo. Jumuiya ina nyumba 140. Pauni 2,800 ni pauni ishirini kwa nyumba kwa mwaka mzima. Hata pauni mbili kwa mwezi haifiki.

La pili, mwalimu alipwe. Asipewe nauli na ahsante. Alipwe, na aandikiwe mkataba. Mtu anayetufanyia kazi wiki arobaini halafu tunamwita "mpenzi wa utamaduni" ili tusimlipe, huo si upendo.

La tatu, tuchague mwalimu mmoja nyumbani, mtu mzima aliye na ujuzi na watoto wa kuwafundisha, tumtumie kiasi kile kile kila mwezi bila kukatiza, pamoja na nyuzi. Hesabu zibandikwe kila mwezi tuzione. Na kiongozi yeyote atakayekuja hapa kutuomba tuwekeze nyumbani, kabla hajakaa tumuulize: fungu la utamaduni mwaka huu ni kiasi gani, na ni kiasi gani kimetolewa kweli?

Ndugu Mwenyekiti, naona unagusa saa. Namalizia.

Sisemi ngoma inatibu sukari. Sukari inatibiwa kwa dawa, chakula na mazoezi, na yeyote atakayeacha dawa akasema nesi kamwambia aimbe nitamfuata mpaka kwake. Ninachosema ni kwamba hospitali inamrudisha mtu nyumbani. Akifika nyumbani, awe na mahali pa kwenda Jumamosi, na mtu wa kumuuliza mbona wiki iliyopita hukuonekana.

Nyuzi za fidla nilizinunua, hatimaye. Nilizinunua mwaka 2017, ami hayupo tena. Ziko kwenye droo yangu, kwenye karatasi yake. Mwalimu akinikubalia, Jumamosi ijayo nitamletea.



(Matokeo: hoja ya kufuta darasa ilishindwa kwa kura tatu. Fungu limepitishwa kwa mwaka mmoja, si mitatu. Suala la kumlipa mwalimu limeahirishwa mpaka kikao cha Machi. Mchango wa vitanda umefunguliwa, na umeanza vizuri.)